Kabla ya Kuandika "Mbovu"

Katika ofisi zetu za umma kuna neno linalofunga mjadala kabla haujaanza: "mbovu". Pampu ni mbovu, mashine ni mbovu, kompyuta ni mbovu. Likishatamkwa, kifaa hupelekwa stoo, na anayeuliza ubovu wenyewe ni upi huonekana msumbufu.

Nililisikia tena Makuyuni, upande wa Korogwe, katika shule moja ya sekondari. Mwalimu wa Jiografia alikuwa akifundisha mfumo wa jua kwa chaki na maduara ubaoni, ilhali kompyuta ya shule ilikuwa na Stellarium, programu ya bure inayoonyesha anga la mahali popote kwa saa yoyote. Kila alipoifungua, dirisha lilichungulia kisha likatoweka. Fundi aliyeitwa alikwisha kutoa hukumu.

"Imeshaingia kwenye orodha ya vifaa vya kufutwa, Dokta," mwalimu aliniambia.

Kompyuta ile ilikuwa nzima. Stellarium huchora anga kwa msaada wa kadi ya michoro, kupitia utaratibu uitwao OpenGL. Windows ilipowekwa upya, kiendeshi cha kadi hiyo, yaani programu ndogo inayoifanya ielewane na Windows, hakikurudishwa. Kikabaki kiendeshi cha dharura, ambacho huishia OpenGL 1.1, Stellarium za miaka hii huhitaji zaidi ya hapo. Hayo hatukuyabahatisha. Yalikuwa yameandikwa katika faili la log.txt, ambalo programu hulijaza kila inapoanzishwa. Tulilifungua tukalisoma, kisha tukaiwasha kwa njia ya MESA, ambapo prosesa huchora badala ya kadi. Anga likatokea, ingawa kwa kujivuta. Kiendeshi halisi kililetwa baadaye kwa flashi.

Tuliweka mahali petu, nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, tukarudisha saa hadi alfajiri. Wanafunzi wakakiona Kilimia, nyota zilizopewa jina kutokana na kulima, kwa kuwa wazee walizitazama kujua majira. Binti mmoja akasema bibi yake humwonyesha nyota hizo uani, bila kompyuta. Mwalimu akamwomba aje mbele awaeleze wenzake. Somo hilo lilikuwa limebakiza saini moja tu kufutwa.

Ndiyo maana naliogopa neno lile. Anayeandika "mbovu" bila kueleza sababu hapotezi kifaa tu. Humnyang'anya mtoto somo, na kumlipisha mwananchi mara ya pili kwa kitu alichokwisha kukilipia. Na serikali nayo ina log.txt yake. Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutoa ripoti inayoonyesha ni wapi mambo yamekwama na kwa nini. Tunaijadili kwa jazba ya siku chache, tukitafuta wa kumlaumu, na ukurasa unaoeleza chanzo hubaki bila msomaji.

Kwenu watumishi wa umma, wengi wenu wanafunzi wangu wa zamani, ombi langu ni dogo. Kabla ya kutia saini fomu ya kufuta kifaa, dai majibu matatu kwa maandishi: ubovu ni upi, umejulikanaje, na ni nini kimejaribiwa. Asiyeweza kuyajibu hajakichunguza kifaa, amekichoka tu.