Daftari la Mwalimu Limelowa

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa, na wapo walioniandikia kuuliza kama nimehama nchi au nimeoa. Wala. Nimekuwa nikipambana na daftari.

Mimi huimba sauti ya nne katika kwaya ya kanisa letu hapa Nakuru. Mvua ya Aprili ilivuja juu ya kabati la kwaya na kulowesha kauntabuku ya mwalimu wetu. Ndani yake mlikuwa na nyimbo arobaini na kitu, zote kwa solfa, zote kwa kalamu ya wino. Kurasa za katikati ziligeuka bahari ya buluu. Mwalimu, mzee wa miaka sabini na mmoja, alinikabidhi akasema, "Kijana wangu, si wewe ndiwe wa tarakilishi? Hebu angalia kama hizi ziko huko kwenu."

Huko kwetu ni intaneti.

Nyingi zilikuwepo. Handel alifariki 1759, kwa hivyo hakuna wa kukudai shilingi kwa "Hallelujah" yake. Nilianzia CPDL, maktaba ya muziki wa kwaya iliyoanzishwa na Rafael Ornes mwaka 1998. Uzuri wake ni kwamba hupati PDF tu. Mara nyingi kuna midi na hata faili la nota lenyewe, ambalo programu inaweza kulisoma. Kazi kubwa kubwa, pamoja na ala zake, nilizipata IMSLP. Hii ilianzishwa 2006 na Edward Guo, wakati huo mwanafunzi wa muziki. Oktoba 2007 aliifunga kwa sababu ya barua za mchapishaji mmoja wa Vienna: kazi ambazo Kanada wakati ule zilikuwa huru miaka 50 baada ya mtunzi kufa, Ulaya zililindwa kwa miaka 70. Ilirudi hewani Juni 2008. (Sheria yetu Kenya ni miaka 50, ukitaka kujua.)

Tatizo ni kwamba nota hizo ni za mistari mitano, na kwaya yetu haisomi mistari mitano. Inasoma solfa, d r m f s l t, mtindo ambao John Curwen aliueneza Uingereza karne ya 19 na wamisheni wakauleta huku. Wako wanamuziki wanaoudharau. Mimi nilipoutazama kama mtengeneza programu nusura niruke: solfa ni maandishi matupu! Unaweza kuiandika kwa Notepad. Nukta pacha hutenganisha mapigo, nukta hukata pigo nusu, kistari huvuta sauti, na "fe" ni fa iliyopandishwa. Nikakaa na Python, nikaandika programu ndogo inayokula solfa na kutoa MusicXML. MuseScore, ambayo ni programu huria na hulipi chochote, inaifungua na kuicheza, sauti moja moja ukitaka.

Siku mbili nikajiona bingwa. Kisha koma ikanikamata. Mwalimu anapoandika kwa mkono, alama ndogo chini ya s inamaanisha so ya chini, na koma ya kawaida inamaanisha robo pigo. Jicho la mwimbaji halikosei. Kwenye kibodi zote mbili ni kitufe kimoja, na programu yangu ikawa inatuma besi zinakojua zenyewe. Mwishowe nikaamua so ya chini iandikwe s1, nikarudia kuchapa nyimbo sita. Nikaongeza pia kipimo: kila sauti lazima iwe na mapigo sawa katika kila sehemu, la sivyo programu inagoma. Ikagoma kwenye wimbo mmoja, sauti ya tatu ilikuwa na mapigo matano badala ya manne. Nikampelekea Mwalimu kosa lake kwa fahari. Akalitazama, akacheka: "Hilo tumeliimba hivyo miaka ishirini."

Lakini nyimbo kumi na moja hazikuwa popote, kwa sababu ni tungo zake mwenyewe. Kuna Swahili Music Notes, ambako unapakua bure nyimbo nyingi za kwaya, hasa za watunzi Wakatoliki wa Tanzania. Nilitafuta jina lake huko, hakuna. Nikamwambia, "Mwalimu, na sisi tuziweke bure, watu waimbe kila mahali."

Akaniuliza, "Handel anakula?"

Nikasema Handel ni marehemu.

"Mimi bado."

Sikujua kwamba msimu wa mashindano ukikaribia, kwaya nyingine humjia kununua nakala, shilingi mia mia, na kwamba mwaka mmoja hizo mia mia ndizo zilizomrudisha binti yake chuoni. Niliona haya. Mimi nagawa msimbo wangu bure wikendi kwa sababu kuna mtu ananilipa Jumatatu hadi Ijumaa. Yeye hana Jumatatu ya aina hiyo.

Tukakubaliana hivi: nyimbo mbili ziende mtandaoni zikiwa na jina lake na maneno "Imbeni, msiuze", ambayo nimeyaambatisha na leseni ya Creative Commons inayokataza biashara. Tisa zimebaki kwenye flashi mbili, moja kwake, moja kwangu. Bado naamini zile tisa zingefaa kuwa nje, flashi nazijua mimi. Nikimwambia hivyo anacheka tu.

Msimbo nitauweka hapa nikishausafisha. Kwa sasa kuna wimbo mmoja umepungukiwa na sauti ya pili, ubeti mzima umefutika, na Mwalimu anakumbuka sauti zote isipokuwa hiyo. Mama aliyekuwa akiiimba alihamia Njoro zamani. Amesema kwenye simu kwamba anaikumbuka, ila hawezi kuimba akiwa peke yake, mtu lazima amshikie besi. Jumamosi napanda matatu.