Nairobi: Panda Picha Kabla Haijafutwa

Kuna picha ambazo ukitumiwa kwenye simu unacheka kwanza, halafu unamrushia mwenzako bila hata kuandika neno. Basi zima lina sura ya Tupac ubavuni. Nyuma yake yupo mchezaji mpira aliyevishwa taji la mfalme, na juu ya kioo pameandikwa kijembe cha kumwasha jirani. Hizo ni matatu za Nairobi. Wengi wetu tulizijua kwenye intaneti kabla ya kukanyaga jiji lenyewe, na tumezoea kuzitazama kama katuni za kuchangamsha jioni.

Sasa, mpenzi msomaji, kama wewe na laazizi wako mnatafuta pa kwenda wikiendi ndefu bila kukausha akaunti, nawashauri mkazione zikiwa barabarani. Picha ya matatu haikuchorwa ikae kwenye simu. Ilichorwa iwavute abiria, na haidumu.

Anzieni Railways

Nendeni steji ya Railways, katikati ya jiji, zinakopakia matatu za Ongata Rongai, namba 125 na 126. Njia hii inasifika kwa manyanga, au nganya kama vijana wanavyoziita: gari jipya, limepakwa rangi kuanzia bampa hadi paa, lina muziki mzito na taa za rangi ndani. Simameni pembeni kama dakika ishirini hivi, muangalie tu. Mtaona kijana anaacha gari tupu lisilo na mapambo liondoke, anangoja lile analolipenda. Makanga naye anapiga ubavu wa gari kwa kiganja na kuita abiria kama anayetangaza harusi.

Mkishapanda, gari linashika Lang'ata Road, linapita uwanja wa ndege wa Wilson, na upande wa kushoto mnaliona lango la Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Mbele kidogo ni Bomas, kisha mnakata kushoto kuingia Magadi Road hadi Rongai. Fikirieni: nje ni pori la simba, ndani ni wasanii wa hip hop na mastaa wa sinema wamechorwa hadi kwenye dari. Mchanganyiko huo hauoni kwenye skrini hata siku moja.

Mchezo mmoja mzuri kwa wapendanao: kila mmoja achague gari lake, aeleze kwa nini. Mnaweza kuwa mmeishi pamoja miaka mitatu na bado usijue kwamba mwenzio yuko tayari kusubiri nusu saa apande gari la Bob Marley.

Kwa nini wanachora?

Jina lenyewe, inasemekana, lilitokana na nauli ya zamani ya senti thelathini, yaani vipande vitatu vya senti kumi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu, na biashara ikafunguka. Magari yakawa mengi, njia ni zilezile, abiria ni walewale. Mwenye gari afanye nini ili achaguliwe yeye? Akamwita mchoraji. Kwa hiyo ile sura ya Tupac inayokufurahisha ni kibao cha biashara, kama vile saluni inavyoandika jina lake mlangoni.

Na kibao hicho kimeshafutwa zaidi ya mara moja. Mwaka 2004 zilikuja kanuni ambazo Wakenya huziita za Michuki, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki. Zilileta mikanda, vidhibiti mwendo na ule mstari wa njano ubavuni. Usalama ulihitajika, hilo halina ubishi, lakini mapambo mengi nayo yakaondoka. Miaka kama kumi baadaye Rais Uhuru Kenyatta alisema hadharani kwamba vijana waachwe wachore, na rangi zikarudi kwa kishindo. Novemba 2018 ikaja operesheni nyingine, na wenye magari wakaanza kukwangua tena.

Hata sheria ikinyamaza, mtindo hausubiri. Staa akipoa, gari linarudi gereji na kupakwa jingine. Wiki nzima za mtu aliyeshika bomba la rangi zinafunikwa kwa siku moja, na picha iliyobaki mtandaoni mara nyingi haina jina la aliyeichora. Ndiyo maana mkiwa pale, ulizeni: nani kaichora hii? Makanga wengi wanajua, na wanajibu kwa fahari.

Cha kurudi nacho nyumbani

Matatu hamwezi kuitundika sebuleni, lakini wapo wasanii walioitoa barabarani. Dennis Muraguri huchonga matatu kwenye ubao, akapaka wino na kuchapa picha kubwa zenye vurugu zote za steji. Michael Soi anachora vituko vya mjini, na mikoba yake iliyochorwa kwa mkono imemjengea jina. Cyrus Kabiru anaunda miwani ya ajabu kwa vyuma na taka alizookota. Kazi zao mmeshaziona kwenye simu, pengine bila kujua ni za nani. Ulizieni wasanii Kuona, mtaa wa Kilimani, ambako wengi wamekuwa na karakana zao. Hela kidogo mliyopanga kwa zawadi ikimfikia mchoraji mwenyewe, mtakuwa mmefanya jambo ambalo kubofya "napenda" hakulifanyi.

Mambo machache kabla ya safari: wekeni chenji mkononi, maana nauli hubadilika kwa saa, na mvua ikinyesha inapanda. Simu msiishike karibu na dirisha lililo wazi. Ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Dereva akikimbiza gari kupita kiasi, shukeni, zipo nyingine nyuma. Na mkiipata nganya inayowakosha, ipandeni siku hiyohiyo, kwa sababu mkirudi mwakani huenda mkalikuta gari lilelile lina sura nyingine kabisa.