Nani Alimpa Mwalimu Wako Ruhusa ya Kufundisha Udukuzi?

Wasee, hayo matangazo mmeyaona. Kijana amevaa hudi nyeusi, nyuma yake namba za kijani zinashuka kwa skrini kama mvua, halafu maandishi makubwa: "Kuwa mtaalamu wa usalama wa mtandao kwa wiki nane. Digrii si lazima. Zimebaki nafasi 12." Nafasi huwa ni 12. Wiki ijayo ukirudi bado ni 12. Unatuma elfu thelathini na kitu kwa M-Pesa, unaingizwa kwa grupu ya WhatsApp, masomo yameanza.

Mimi sina shida na wiki nane. Hiyo ya digrii pia haininyimi usingizi, niliacha chuo mwaka wa pili na maisha yanaendelea. Kwa hivyo usisome hii ukidhani ni mzee wa ofisi anatetea makaratasi. Swali langu ni moja tu: huyo anayekufundisha, nani alimkagua? Ukifundishwa kuoka keki na mtu asiyejua, keki itaungua, utacheka, utatupa. Kwa usalama wa mtandao mwalimu mbaya anaweza kukupeleka kortini.

Kuna kijana wa miaka 19, mtu wa Kayole, huwa ananiandikia inboksi. Mamake anauza mitumba Gikomba na alimlipia kozi moja ya aina hiyo na pesa za chama. Wiki ya tatu mwalimu akatoa kazi ya nyumbani: kila mtu achague saiti ya shule ama ya biashara ndogo yoyote hapa Kenya, atafute mahali pa kuingilia, aingie, apige picha ya skrini kama ushahidi na aitume kwa grupu. Atakayeingia saiti nyingi ana zawadi. Kijana akaniuliza, "Mkubwa, hii maneno iko sawa kweli?"

Haiko sawa hata kidogo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 inasema ukivunja ulinzi wa mfumo wa kompyuta ukijua huna ruhusa ya kuingia, unaweza kupigwa faini ya hadi shilingi milioni 5, ama kifungo cha hadi miaka 3, ama vyote viwili. Haingoji uibe kitu. Hakuna mahali imeandikwa "isipokuwa kama ilikuwa homuweki." Na angalia venye mambo yangekuwa: mwalimu anafuta grupu na kubadilisha laini, lakini picha ziko kwa simu ya kijana, na laini iliyotumika kuingia intaneti imesajiliwa na kitambulisho cha mamake. Mama wa Gikomba, ambaye hajui hata saiti ya shule inafanana vipi.

Hiki ndicho watu wengi hawaelewi kuhusu hii kazi. Mtu anayelipwa na benki kujaribu kuvunja mifumo yake na mwizi anayeivunja usiku wanaweza kutumia programu ile ile, amri zile zile. Kinachowatofautisha ni ruhusa. Wa kwanza amesaini karatasi kabla hajagusa kibodi: mfumo gani, siku gani, aishie wapi, akipata shimo amwambie nani. Mwalimu anayejua kazi anaanzia hapo, kisha anawapeleka wanafunzi mahali palipotengenezwa ili pavunjwe. Mahali hapo papo. TryHackMe ina vyumba vya bure, na picoCTF ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ni ya bure kabisa. Hakuna sababu hata moja ya kumtuma mtoto wa mtu kwa saiti ya shule ya wenyewe.

Sasa tuje kwa hiyo idhini yenyewe. Vyuo vya kiufundi hapa Kenya viko chini ya TVETA, mamlaka iliyoundwa na sheria ya mwaka 2013. Chuo kinasajiliwa, kozi inaidhinishwa, na mkufunzi naye anatakiwa kuwa na leseni yake. Vyuo vikuu vina Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE. Orodha ya vyuo vilivyosajiliwa na TVETA iko kwa saiti yao na kuitazama hakuna malipo isipokuwa bandoli zako.

Waulize hawa jamaa wa wiki nane kama wamesajiliwa. Watakuambia ndiyo, tena haraka, na watakutumia cheti. Kisome vizuri. Mara nyingi ni cheti cha kusajili jina la biashara, kile mtu anaomba kwa eCitizen akiwa kitandani. Hicho kinasema kuna biashara inaitwa hivyo. Mwenye kibanda cha smokie anaweza kuwa nacho. Hakisemi mtu yeyote ameangalia wanafundisha nini.

Halafu kuna ujanja wa nembo. Chini ya tangazo wamepanga CompTIA, Cisco, ISC2, kama wadhamini wa jezi. Manze, kuweka nembo ni kunakili na kubandika tu. Security+ ya CompTIA ni mtihani wa dakika 90, maswali hayazidi 90, na lazima ufikishe 750 kwa kipimo kinachoishia 900. Ukipita, cheti kinatoka CompTIA wenyewe na mwajiri anaweza kukihakiki. CISSP ya ISC2 inadai uzoefu wa kazi wa miaka 5, na digrii ama cheti kingine kinachokubalika kinaweza kukupunguzia mwaka mmoja tu, kwa hivyo yeyote anayekuahidi CISSP kwa wiki nane ukitoka fomu foo anakuona wewe ni mjinga. Ile OSCP ndiyo inanifurahisha zaidi: saa 23 na dakika 45 za kuvunja mifumo wakikuangalia kwa kamera, kisha saa 24 za kuandika ripoti. Hakuna kubahatisha A, B, C ama D.

Cheti ambacho hao jamaa wanakupa mwishoni, kile cha rangi ya dhahabu na saini mbili, ni cha kusema ulikuwepo. Aliyekufundisha ndiye aliyekutahini, ndiye aliyechukua pesa yako, na ndiye anasema umepita. Hata viwango vya kimataifa vina wasiwasi na mpango kama huo. ISO/IEC 17024, kinachohusu mashirika ya kutoa vyeti kwa watu, kinataka biashara ya kufundisha isiingilie haki ya kutahini.

Lakini watu wa serikali nao wasianze kupiga makofi, ju na wao nina neno lao. Mkaguzi anaweza kuja akahesabu kompyuta, akapima chumba, akaangalia vyoo, na bado asijue kama mwalimu amewahi kukesha na mfumo ulioshambuliwa. Uingereza wana kituo chao cha usalama wa mtandao, NCSC, na mpango wake wa kuidhinisha mafunzo unaangalia kozi yenyewe: yaliyomo ndani, na pia jinsi mkufunzi anavyofundisha. Sisi tayari tuna KE-CIRT pale Mamlaka ya Mawasiliano, watu ambao kufuatilia mashambulizi ndiyo kazi yao. Julai 2023 eCitizen iliposhambuliwa na huduma zikakwama, sote tuliona hii si hadithi ya sinema. Wakae meza moja na TVETA. Mmoja anajua vyuo, mwingine anajua mashambulizi.

Na kuna watu wazuri wasio na muhuri wowote. Namjua jamaa mmoja Umoja, anafundisha vijana Jumamosi kwa saiba ya rafiki yake, bure. Siku ya kwanza hawakugusa programu yoyote. Aliwafanya waandike barua ya kuomba ruhusa ya kukagua mfumo, akazirudisha zote na wino mwekundu, wakaandika tena. Kuna mmoja alilalamika ati alikuja kujifunza udukuzi, si insha. Huyo jamaa ningempa mdogo wangu bila kuuliza karatasi. Lakini pia hajachukua shilingi ya mtu. Ukichukua elfu thelathini za mama wa chama, karatasi lazima nione, ju siku mambo yakiharibika nataka kuwe na ofisi yenye mlango wa kugonga. Muhuri hauniambii utakuwa hodari. Unaniambia kuna mtu anaweza kunyang'anywa kitu akikudanganya.

Yule kijana wa Kayole aliandika kwa grupu, kwa adabu kabisa: "Mwalimu, samahani, tuna barua ya ruhusa kutoka kwa hizo shule?" Alitolewa baada ya dakika nne. Alijaribu kupiga simu, haikushikwa. Pesa za chama hazijarudi, na mamake bado anadaiwa zamu yake kila Jumapili. Nilimwambia aweke jumbe zote za M-Pesa na picha za hiyo kazi ya nyumbani, apeleke malalamiko TVETA. Amepeleka. Sahii yuko picoCTF kila usiku, ananitumia alama zake kama mtu anatuma matokeo ya mpira.

Sasa hii sehemu ni ya wenzangu tunaopiga video. Mwezi jana nililetewa tangazo la kozi nyingine kama hiyo, elfu 25 kwa video mbili. Elfu 25 kwangu ni kodi ya nyumba na chenji ya chakula inabaki, sitajifanya. Nikawaomba namba yao ya usajili ya TVETA. Wakatuma cheti cha jina la biashara. Nikaomba tena, nikaongeza: na wanafunzi wanafanyia mazoezi wapi? Kimya. Siku mbili baadaye nikaona tangazo lile lile kwa ukurasa wa msee tunajuana vizuri, ana wafuasi wengi kuniliko, anacheka na hudi nyeusi. Nafasi 12.

Nilimpigia. Sikumfokea, nilimweleza tu habari ya kijana na mamake, kuanzia kazi ya nyumbani hadi kwa grupu. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema ataishusha, lakini wacha kwanza wamalize kumlipa.