Lenzi ya Baba Watoto na Hela ya Kiwanja

Kuna mambo ambayo mwanamke akiolewa anajiandaa nayo: mawifi, simu za usiku, michango ya harusi isiyokwisha. Lakini kwenye kicheni pati yangu hakuna shangazi hata mmoja aliyeniambia kwamba iko siku nitashindana na lenzi.

Ndiyo hivyo, mpenzi msomaji. Mwaka jana baba watoto, ambaye Jumatatu hadi Ijumaa ni mhasibu, aliamua kwamba wikiendi atapiga picha za harusi. Wazo zuri, na jicho analo. Tatizo ni kwamba alitaka kuanza na zumu ya 70-200 yenye tundu la f/2.8, ile nyeupe ndefu unayoiona kandokando ya uwanja wa mpira. Na hela aliyokuwa anaitolea macho ni ya kiwanja, tuliyoidunduliza miaka minne.

"Mama watoto, bila vifaa vya maana wateja hawakuchukulii siriasi," akaniambia.

"Na bila kiwanja?" nikamuuliza.

Siku tatu nyumba ikawa kimya, tunaongea ya "nipe chumvi" na "mtoto kaoga?" basi.

Sasa, kazi yangu mimi ni kuhariri. Kila mwezi napitia mamia ya picha ili nichague chache za kuingia gazetini. Picha ikifika mezani kwangu haina risiti. Sijui lenzi iliyoipiga ilinunuliwa kwa bei gani, na wala sijali. Ninachotazama ni macho ya bibi harusi, kama yametoka makali au yamefifia. Ngozi yake, kama ina rangi yake au imekuwa ya majivu. Na nyuma yake, kama kumetulia au kuna kreti za soda. Siku ya nne nikamkalisha baba watoto, nikamwandalia chai kwanza, halafu nikamweleza hayo.

Ile lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera nyingi za kawaida, ukiivuta mpaka mwisho tundu lake halifunguki zaidi ya f/5.6. Lenzi ya 50mm yenye f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara 10 ya huo. Usichanganyikiwe na namba: ikiwa ndogo, tundu ndiyo kubwa. Kwenye kumbi zetu, mpambaji kaweka taa za zambarau na MC kazima zingine zote, mwanga huo ndio unaookoa picha. Pia nyuma ya mtu panalainika, zile kreti za soda zinapotea zenyewe. Kwenye kamera ya Canon yenye sensa ndogo kama yake, 50mm inaona kama lenzi ya 80mm, kipimo kitamu sana kwa picha za uso. Yote hayo kwa kitu kisichofika gramu 200! Ile aliyoitaka ina karibu kilo moja na nusu, na bei yake ni zaidi ya mara 10.

Siyo kwamba lenzi ndefu ni anasa, jamani. Padri akikukataza kusogelea madhabahu, 50mm haitakufikisha kwenye pete. Lakini ibada ni ya Jumamosi moja, na kitu cha Jumamosi moja kinakodishwa.

Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole, "Kwa hiyo huniamini."

Hapo nikajua kilichokuwa kinamuuma, na wala haikuwa lenzi. Nikamwambia, "Nakuamini, baba. Ndiyo maana nataka uanze Jumamosi hii, usisubiri mpaka tumalize akiba." Akacheka. Chai ikanyweka.

Tukakubaliana: anunue 50mm ya mtumba, na theluthi ya kila malipo iingie kwenye kopo la vifaa. Zumu ikitakiwa, inakodiwa. Kiwanja hakiguswi.

Kama na wewe unanunua mtumba, habari njema ni kwamba tangu Canon na Nikon walipoleta mifumo yao mipya ya lenzi mwaka 2018, watu wengi wanauza zile za zamani. Ingia na tochi. Imulike lenzi kutoka nyuma. Ukiona kitu kama utando wa buibui ndani ya kioo, hiyo ni kuvu, achana nayo. Ukiwa na Nikon ndogo kama D40 ya mwaka 2006, hakikisha lenzi ina mota yake ndani, la sivyo fokasi utaizungusha kwa mkono huku bibi harusi ameshapita. Ukifika nyumbani, na unyevu wetu huu wa pwani, itunze kwenye chombo chenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu.

Na hili nawaambia wapiga picha wote: gauni jeupe huidanganya kamera. Ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga, na dada wa watu mwenye weusi wake wa kupendeza anatoka kama kivuli. Ongeza mwanga kidogo, kisha angalia kama gauni halijaungua.

Kiwanja hatujakinunua bado, lakini hela yake ipo yote. Zumu nayo hajainunua, ila kopo limeanza kuwa zito, na Jumamosi zake nyingi zimeshachukuliwa.

Mwenzangu, siku mtu wako akija na ndoto ya bei mbaya, usikimbilie kusema hapana, na wala usimkabidhi akiba yote eti kwa sababu unampenda. Muulize: tukianza kesho na tulichonacho, tunaanza na nini? Akiwa na jibu, msaidie kubeba begi.