Siku Moja Katika Msitu wa Jozani

Tulishuka milima yetu ya Mpale, tukapita Korogwe hata Dar es Salaam, tukavuka bahari mpaka Unguja. Nia yetu ilikuwa kumwona kima punju katika msitu wa Jozani.

Mnyama huyu ana mgongo mwekundu, uso mweusi, na nywele nyeupe kipajini. Asili yake ni Unguja tu. Tulimwona mmoja akitafuna kipande cha mkaa; twaambiwa ya kwamba mkaa hupunguza sumu ya majani alayo, kama ya mkungu na mwembe.

Mzee mmoja wa kijiji jirani alitukaribisha wali na samaki. Akatuambia, “Wanangu, zamani tulimchukia kima huyu. Tulimwita punju, yaani sumu. Tulisema mti alao hufa. Sasa twamwacha, maana wageni huja kumtazama, na sehemu ya ada yao hutufaa kijijini.” Msitu ule ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2004.

Tukanyamaza, tukikumbuka kima wa kwetu Usambara. Twakata msitu wake, kisha akija shambani twamwita mwizi.

Tuliporudi nyumbani tulimkuta ndugu yetu akinoa shoka, apate kukata miti ya kando ya kijito. Tukamsimulia haya yote. Hakujibu neno, lakini shoka alilirudisha ndani. Miti ile ingali imesimama.

Walimu, wasimulieni watoto habari hii.