Kamera bubu yazua ubishi Kibera na Kawangware

IWAPO hujawahi kukanyaga Kibera, mpenzi msomaji, abiri matatu nambari 8 katikati ya jiji la Nairobi siku ya Jumamosi, ushukie Makina, kisha uteremke pole pole hadi kwenye reli ya zamani iendayo Kisumu. Mtaa huu ulipata jina lake kutoka kwa askari wa Kinubi wa jeshi la King's African Rifles, waliopewa makao hapa mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa lugha yao, kibra ni msitu. Leo huuoni msitu ila mapaa ya mabati yaliyoshikana hadi upeo wa macho.

Jambo moja hutakosa kuliona: watu waliobeba kamera. Kuna wageni na wanahabari, lakini wengi ni vijana wa hapa hapa wanaopata riziki kwa kupiga picha za arusi, ubatizo, mahafali na matanga. Wakikutana kwenye kibanda cha chai, ubishi wao siku hizi ni mmoja tu. Je, mtu abaki na DSLR aliyoizoea au aihame aende kwa mirolesi, ile kamera isiyo na kioo?

Labda unajiuliza ni kioo gani hicho. Ndani ya DSLR mna kioo kidogo kilichoinama. Mwanga ukipita kwenye lenzi hukigonga kioo hicho, ukapanda hadi kwenye kijidirisha ambako mpigapicha ameweka jicho lake. Akibonyeza, kioo huruka juu, mwanga ukaingia ndani, na hapo ndipo unaposikia ule mlio wa "kacha!" Mirolesi haina kioo hicho. Anachokitazama mwenyewe ni mfano wa runinga ndogo mno, inayomwonyesha picha itakavyokuwa hata kabla hajaipiga.

Vijana husema jambo hilo la mwisho limewaokoa. Ingia nyumba yoyote ya mabati saa saba mchana nawe utawaelewa. Nje jua linawaka juu ya mabati hadi macho yanauma, ilhali ndani ni giza. Mwenye DSLR hupiga, akaangalia, akarekebisha, akapiga tena. Mwenye mirolesi huona kosa mapema. Isitoshe, mzigo wenyewe ni mwepesi. Nikon D850, ambayo ni DSLR, ina uzito wa gramu 1,005 pamoja na betri yake. Z7 ya kampuni iyo hiyo, iliyotoka mwaka wa 2018, ina gramu 675. Kwa mtu anayeshinda kwa miguu vichochoroni, tofauti hiyo si ndogo.

Sasa panda hadi Ngong Road, ufuate barabara ya Naivasha mpaka Kawangware, usikie upande wa pili. Huku, ng'ambo tu ya majumba ya kifahari ya Lavington, wakongwe wa kazi hii wanakuuliza swali moja: stima ikipotea, utafanyaje? Kwa vipimo vya kiwandani, betri ya D850 huweza kupiga picha 1,840 kabla ya kuisha. Ile ya Z7 ni 330 tu. Arusi huanza alfajiri kwa bibi arusi na kuisha usiku, kwa hivyo mwenye mirolesi hana budi kubeba betri tatu au nne, na kila moja ni pesa. Aidha, kuna wateja wanaopima ufundi kwa ukubwa wa kamera. Ukija na kidude kidogo, wanashuku umetumwa na fundi mwenyewe.

Hata hivyo, wakati hauko upande wa wakongwe. Shirika la habari la Associated Press lilitangaza mwaka wa 2020 kwamba wapigapicha wake wote wangehamia mirolesi za Sony. Nikon na Canon nazo zilitoa DSLR zao mpya za mwisho mwaka uo huo. Faida yake ni kwamba DSLR za mitumba zimeshuka bei, na lenzi zake nyingi zaweza kuvishwa kwenye mirolesi kwa kiunganishi. Mwenye busara huanza na lenzi nzuri, kamera ikafuata baadaye.

Lakini kuna suala zito kuliko betri na bei. Mirolesi yaweza kupiga picha kimya kabisa. Kanisani wakati wa sala, hilo ni jambo jema. Kichochoroni ni hatari. Watu wa Kibera wamechoka kupigwa picha na wapita njia, mtoto wao akionyeshwa kando ya mtaro kwa dunia nzima bila mama kuulizwa. Ule mlio wa DSLR angalau ulimgutusha mtu akageuka, akauliza au akakataa. Kamera bubu haimpi nafasi hiyo.

Sheria nayo imeamka. Kenya ilipitisha Sheria ya Kulinda Data mwaka wa 2019, na mwaka wa 2023 shule moja ya Uthiru, jirani na Kawangware, ilitozwa faini ya Sh4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Na kuomba ruhusa hakuharibu picha. Mwaka wa 2009 msanii Mfaransa JR alifunika mita 2,000 za mraba za mapaa ya Kibera kwa macho na nyuso za wanawake wa mtaa, waliokubali kumtazama ana kwa ana. Picha hizo zilichapwa kwenye plastiki isiyopitisha maji, hivyo zikawakinga wenye nyumba na mvua. Naye Brian Otieno, aliyekulia Kibera, amejulikana kwa picha za mtaa wake kama anavyoujua mkaazi.

Kwa hivyo, msomaji, mwanao akikuomba kamera, DSLR kuukuu yatosha kumfunza kazi. Ukimpa mirolesi, mfunze kwanza kusema "hodi" na "naomba," maana kamera yake haitamsemea.