Prosesa za Tumbo Moja

Kwa miaka mingi nilinunua prosesa kwa kanuni moja: chukua ya bei ya chini katika familia, ipandishe kasi mpaka ifikie ya bei ya juu, fedha iliyobaki itie kwenye RAM. Kanuni hiyo niliikuta mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa mafundi wa Dar es Salaam waliokuwa wakiunda kompyuta za mezani kwa vipuri vilivyoletwa na ndugu zao kutoka Dubai, hasa maduka ya Bur Dubai. Leo vijana wakiniuliza wachukue ipi kati ya prosesa mbili zinazofanana, jibu langu limebadilika karibu lote. Kilichobaki ni msingi wake, yaani kujua kwamba mara nyingi prosesa hizo mbili ni ndugu wa tumbo moja.

Kiwandani, vipande vingi hukatwa kutoka kwenye kisahani kimoja cha silikoni. Kila kipande hupimwa, na kile kinachostahimili kasi kubwa kwa volti ndogo hupewa jina kubwa na bei kubwa. Lakini soko nalo lina matakwa yake. Wanaotaka prosesa ya bei nafuu ni wengi kuliko wanaotaka ya bei ghali, na uzalishaji ukishakomaa, vipande vizuri huwa vingi kuliko wateja wa bei ya juu. Oda za chini lazima zijazwe, kwa hiyo vipande vyenye uwezo mkubwa hubandikwa jina dogo. Hapo ndipo palipokuwa na riziki yetu.

Fundi aliyenifundisha, ambaye sote tulimwita Kaka kwa heshima, alipenda kutupa mfano wa Celeron 300A ya Intel, iliyotoka Agosti 1998 kwa dola 149. Kizidishio chake kilikuwa 4.5, na ubao uliitumia kwa megahezi 66, ndiyo maana ilisoma 300. Ukipandisha megahezi 66 za ubao hadi 100, kizidishio kile kile kilikupa 450, na prosesa nyingi za aina hiyo zilivumilia. Pentium II ya megahezi 450 iliuzwa dola 669. Ilikuwa na kache kubwa zaidi, kilobaiti 512 dhidi ya 128, lakini kache yake ilikwenda nusu ya kasi ya prosesa, wakati ile ndogo ya Celeron ilikwenda kasi kamili. Kwa kazi nyingi tofauti ilikuwa ndogo mno. “Mdogo wangu,” alikuwa akiniambia, “boksi lisikutishe. Uliza ndani mna nini.”

Mimi niliingia katika zama za Duron na Athlon za AMD, zile za mwaka 2000 zilizokaa kwenye soketi A. Kizidishio chake kilifungwa kwa namna ambayo jicho liliweza kuiona. Juu ya bamba la kauri, karibu na kipande cha silikoni, kulikuwa na safu ya vidoti vidogo vilivyoandikwa L1, na njia zilizoviunganisha zilikuwa zimekatwa kwa leza. Kwa kuwa makaa ya penseli hupitisha umeme, kazi ilikuwa kuziunganisha upya. Kaka alichonga penseli laini hadi ncha ikawa kali, akavuta mstari mfupi kutoka kidoti kimoja hadi mwenzake, akaurudia mpaka ukang'aa, akapuliza unga uliobaki, halafu akatazama kwa lenzi ya fundi saa. Mistari miwili jirani ikigusana, ilibidi ifutwe kwa spiriti na kuanza upya. Kisha kukawa na hatari ya hitisinki: silikoni ya prosesa hizo ilikuwa wazi, na ukiminya upande mmoja zaidi ya mwingine, kona ilivunjika na mtaji ukapotea. Nilimtazama akibana klipu ya hitisinki kwa bisibisi huku amezuia pumzi, nikaelewa kwamba fedha tunayookoa tunailipia kwa umakini.

Miaka michache baadaye penseli haikuhitajika tena kwa wengi wetu, hesabu tu ilitosha. Athlon XP 2500+ ya mwaka 2003 ilikuwa na kizidishio cha 11 juu ya megahezi 166, sawa na 1833 hivi. Ile kubwa yake, 3200+, ilikuwa na 11 hiyo hiyo juu ya megahezi 200, sawa na 2200. Kache ni ile ile ya kilobaiti 512, na silikoni ni ile ile. Ukiwa na madabodi nzuri na RAM inayofika kasi hiyo, unabadilisha namba moja kwenye BIOS, na kompyuta ikiwaka inajitambulisha kwa jina la ndugu yake wa bei mbaya.

Kilichotubana ni joto la pwani. Wenzetu wa Ulaya walisimulia matokeo yao wakiwa kwenye vyumba vya nyuzi 20. Chumba changu bila kiyoyozi mwezi Februari kilikuwa zaidi ya nyuzi 30, na hitisinki haiwezi kuipoza prosesa chini ya hewa inayoizunguka. Kwa hiyo nilijifunza mapema kutoifuata kasi ya mtu mwingine. Nilipima mchana wa jua kali, kompyuta ikiwa na mzigo mzito wa hesabu kwa saa nyingi, na kasi niliyoiamini ni ile iliyostahimili mchana huo.

Mambo yaligeuka Januari 2011. Intel ilitoa familia ya Sandy Bridge, na ndani yake saa ya msingi ya megahezi 100 ilifungamanishwa na karibu kila kitu kwenye ubao. Ukiipandisha kwa asilimia chache tu, diski na vifaa vingine huanza kuyumba. Njia pekee iliyobaki ilikuwa kizidishio, na kizidishio kilifunguliwa kikamilifu tu kwenye prosesa zenye herufi K, tena juu ya madabodi maalumu. Kuanzia hapo mnunuzi alikuwa akilipia ruhusa. Wanyonge wa zamani, wale waliokuwa wakinunua prosesa ya chini kabisa na kuipandisha daraja, mlango ukafungwa mbele yao. Hilo liliniuma, na bado naamini lilipunguza kizazi cha mafundi ambao wangejifunza kwa mikono yao.

Hata hivyo waliolipia ruhusa walipata kitu cha ajabu. Core i5-2500K ilitoka kwa dola 216 na i7-2600K kwa dola 317, na zote mbili zilipanda hadi karibu gigahezi 4.5 kwa hitisinki ya kawaida ya feni moja. Tofauti yake ilikuwa kache, megabaiti 6 dhidi ya 8, na nyuzi za kazi: i5 ilikuwa na viini vinne na nyuzi nne, i7 viini vinne na nyuzi nane. Kwa gemu za mwaka ule usingeona tofauti ya maana, na karibu kila mtu, mimi nikiwemo, alishauri i5. Binamu yangu aliniletea 2500K kutoka Dubai. Rafiki yangu mwenye studio ya kuhariri video za harusi Sinza alichukua 2600K, kwa sababu mwaka ule mgawo wa umeme ulikuwa mkali, na kila dakika aliyoipunguza kwenye kuchakata video ilikuwa dakika ya dizeli ya jenereta.

Miaka ikapita, na gemu pamoja na programu zikaanza kutumia nyuzi nyingi. Prosesa yangu ikaanza kukwamakwama pale ya rafiki yangu ilipokuwa bado inakwenda vizuri. Dola 101 zilizoonekana za bure mwaka 2011 zilikuwa zimemnunulia miaka ya ziada. Tangu hapo nimeacha kuipima thamani kwa siku ya kununua. Kasi naweza kuipandisha mwenyewe, lakini nyuzi na kache siwezi kuziongeza kwa BIOS yoyote.

Mwaka 2012 familia ya Ivy Bridge ya Intel ilikuja na badiliko lililotugusa sana sisi wa nchi za joto. Chini ya kifuniko cha chuma, mahali pa risasi ya kuchomea iliyokuwa kwenye Sandy Bridge, kuliwekwa grisi ya kupitishia joto. Prosesa za 3570K na 3770K zilipanda joto haraka mara volti ilipoongezwa. Wako waliothubutu kufungua kifuniko kwa wembe na kubadilisha grisi ile. Kwenye prosesa hizi za kawaida za mezani Intel ilirudi kwenye risasi mwaka 2018, ilipotoa 9900K.

Machi 2017 AMD ilileta Ryzen, na kwa muda kidogo tulirudi kwenye furaha ya zamani. Ndugu watatu walitoka pamoja: Ryzen 7 1700 kwa dola 329, 1700X kwa 399, na 1800X kwa 499. Zote zilikuwa na viini vinane na nyuzi kumi na sita, zote zilikuwa na kache sawa, na zote kizidishio chake kilikuwa wazi, hata kwenye madabodi za bei ya kati. Ukizipandisha kwa mkono, nyingi ziligota mahali pamoja, kati ya gigahezi 3.8 na 4.0. Ile ya chini ilikuja na feni yake ndani ya boksi, wakati zile mbili za juu hazikuwa nayo. Wakati huo prosesa ya Intel ya viini vinane, 6900K, ilikuwa inauzwa zaidi ya dola 1,000. Sikumbuki uchaguzi mwingine wa prosesa za daraja la juu uliokuwa rahisi kuueleza hivyo.

Baada ya hapo nafasi ile ya kupandisha ikaanza kupotea, na sababu yake inaeleweka. Prosesa zilikuwa zimejifunza kujipandisha zenyewe. Zinapima joto, volti na mkondo mara nyingi ndani ya sekunde moja, na kila zikiona nafasi, zinaitumia. Uwezo tuliokuwa tukiutafuta kwa mikono sasa mtengenezaji anauuza ukiwa tayari, na ushindani umemsukuma kuutumia hadi tone la mwisho. Ryzen 9 7950X ya mwaka 2022 iliundwa ikubali kufanya kazi kwenye nyuzi 95 za joto. Core i9-13900K ya mwaka huo huo ilifika gigahezi 5.8 na kuruhusiwa kula wati 253. Mwaka 2024 Intel ililazimika kutoa marekebisho ya programu na kuongeza miaka miwili ya dhamana kwa prosesa zake za kizazi cha 13 na 14, baada ya kubainika kwamba volti iliyopanda kupita kiasi ilikuwa ikiziharibu. Kwangu huo ulikuwa uthibitisho kwamba hakuna tena akiba ya maana iliyoachwa kwa ajili ya fundi.

Kazi yangu imegeuka upande wa pili. Nikipokea kompyuta mpya siku hizi, napunguza volti hatua kwa hatua, nikiipima kila mara kama nilivyokuwa nikiipima zamani nilipokuwa nikipandisha. Nikiweka kikomo cha wati, kasi inashuka kidogo lakini joto linashuka sana. Kwa Dar es Salaam faida hiyo inahesabika, maana wati inayoliwa na prosesa unailipia kwenye mita ya LUKU mara mbili: mara ya kwanza kwa kompyuta, mara ya pili kwa kiyoyozi kinachotoa joto lile lile chumbani.

Prosesa iliyonishawishi kabisa kwamba zama zimebadilika ilikuwa Ryzen 7 5800X3D ya Aprili 2022. Kasi yake ya juu, gigahezi 4.5, ilikuwa ndogo kuliko 4.7 ya ndugu yake 5800X, na ilifungwa isipandishwe. Lakini juu ya silikoni yake ilibebeshwa kache ya ziada, jumla ikawa megabaiti 96 badala ya 32, na kwenye gemu nyingi ilimshinda ndugu yake bila kuguswa. Mtu aliyejifunza kazi hii kwa kusoma megahezi lazima akubali kwamba megahezi hazisemi tena yote. Novemba 2024 ilipotoka 9800X3D, kache ilikuwa imehamishiwa chini ya viini, joto likapata njia fupi ya kutokea, na ruhusa ya kupandisha ikarudi. Nimefurahi kuiona, ingawa faida ya kuipandisha ni ndogo ukilinganisha na tuliyoizoea.

Kwa hiyo kijana akija na swali la Ryzen 7 7700 na 7700X, namwekea tofauti mezani. Ya kwanza ilitoka kwa dola 329, kiwango chake cha wati ni 65, ina feni ndani ya boksi, na inafika gigahezi 5.3. Ya pili ilitoka kwa dola 399, kiwango chake ni wati 105, haina feni, na inafika 5.4. Viini ni vile vile na kache ni ile ile. Ikiwa tofauti ya bei inakupa viini zaidi au kache zaidi, na kazi yako inavihitaji, lipa bila kusita, maana hivyo vitakubeba miaka mingi. Ikiwa inakupa namba tu, chukua ya chini, kisha fedha iliyobaki nunua pawa saplai ya kuaminika, hitisinki nzuri na UPS. Umeme wetu na joto letu vitazipima hizo siku nyingi kabla hujaiona ile gigahezi 0.1.